Ofisi Yangu ya Nyamongo, Yenye Chumba cha Mikutano

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Kampuni moja ya Nairobi imenichukua kwa majaribio. Kazi yenyewe: kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika. Nafasi ni moja, tuko wawili. Mwenzangu ni Sharon, yule dada wa Sirari aliyehamia hapa Nyamongo na laptopu yake na maringo yake.

Bosi wetu, Bi Everlyne, alipiga simu kuuliza kama nina sehemu tulivu ya kufanyia kazi. Nikasema nina ofisi. Nikaongeza: yenye chumba cha mikutano. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Lakini yalitoka vizuri!

Akasema Ijumaa tutaonana kwa video, aione.

Ofisi sina. Nina kitanda kwa shangazi Nchagwa, na nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga. Leo kwenye rekodi afisa alisema kila mkulima apewe mbegu. Mimi nikasikia mbwa. Nimeandika mbwa. Nimetuma.

Jumanne, 10 Juni

Mgahawa wa Mama Theodosia. Soketi ni moja, nyuma ya friji la soda. Nafika, Sharon ameshakaa! Waya umechomekwa, vidole vinakimbia. Akauliza kama ofisini kwangu stima imepotea. Nikasema inapakwa rangi.

Nikamnong'oneza Mama Theodosia kwamba laptopu ya yule dada inakula umeme kuliko friji. Mama akachomoa hapo hapo, kisha akatangaza kwamba kuanzia leo hakuna wa kuchaji chochote, amechoka na watu wa kikombe kimoja cha chai tangu asubuhi. Sharon betri yake ilikuwa imejaa. Yangu ikazima kabla sijamaliza sentensi.

Wachimbaji wakaingia kwa wingi. Mama akaniona nimekaa bure, akanipa sinia. Nimegawa supu hadi mchana. Mchimbaji mmoja alisema nina mkono mwepesi. Nimefurahi kidogo, sifichi.

Jumatano, 11 Juni

Akili mpya! Zahanati. Benchi lipo, feni ipo, na hakuna anayekuuliza umefuata nini. Unakohoa tu.

Nilikohoa. Tatizo, nilikohoa kwa ufundi mno. Wazee wakanipisha mbele ya foleni. Bibi mmoja niliyemwamkia shikamoo akanishikia laptopu, akaanza kuniombea kwa Kikurya. Nesi, mama mkali aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, akanitoa damu, kisha akanipa kikopo niteme makohozi. Sikuwa nayo. Akasimama mbele yangu akisubiri. Mwisho akasema kifua changu ni kizima kabisa, anayeumwa ni aliyenilea.

Kazi niliyofanya leo: mstari mmoja. Na nilishaufuta.

Alhamisi, 12 Juni

NIMEPATA!

Mzee Heche, seremala wa majeneza. Chumba cha mbele anachoonyeshea bidhaa kina zulia, taa nyeupe, mtandao unaokimbia. Na kimya! Mzee akasema, "Mura, kijana wangu, watu wa humu hawasumbui mtu." Tukacheka hadi akakaa chini. Nilipe nini? Nifute vumbi tu.

Nimeyasimamisha majeneza matatu wima nyuma ya kiti changu. Kwenye kamera ni makabati matupu, tena ya kitajiri. Moja nimelitundikia koti. Nani atajua?

Shangazi nimemwambia kesho achinje jogoo.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika yote kama yalivyotokea.

Ilianza vizuri! Bi Everlyne akatokea, akatazama, akasifu makabati. Akauliza ni mbao gani. Mninga, nikasema. Akauliza kama anaweza kupata moja la kuwekea vyombo. Nikasema linatosha vyombo, linatosha hata mtu. Akacheka. Nikajua kazi ni yangu.

Mzee Heche alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Mlango ukafunguliwa. Familia nzima kutoka Nyangoto, wamefiwa na baba yao. Wakaniona nimevaa koti, wakajua mimi ndiye muuzaji. Mama mmoja akatazama majeneza, akaangua kilio. Wote wakafuata. Bi Everlyne akauliza kuna nini. Nikasema ni wateja, wameguswa na huduma.

Kaka mkubwa akalaza "kabati" chini, akafunua kifuniko. Akanipima kwa macho. "Ingia kidogo, ndugu yangu. Mzee alikuwa urefu wako."

Ningefanyaje? Uso wa yule kaka ulikuwa umechoka kweli. Mfiwa unamkataliaje? Nikavua viatu, nikaingia, nikalala. Spika za masikioni bado ninazo. Wakanizunguka wakilia, mmoja akanirekebisha miguu.

Sauti ya Bi Everlyne ikanijia masikioni, taratibu. "Waitara. Hiyo ndiyo ofisi?"

Nikajibu nikiwa chali, mikono kifuani: "Ndiyo, Bi Everlyne. Hapa ndipo chumba cha mikutano."

Mama aliyekuwa analia akasikia jeneza linaongea. Alitoka kwa mlango. Wengine walitoka kwa dirisha.

Mzee Heche aliwarudisha kwa maneno matamu, akauza, kisha akaniambia nibebe upande wa kichwani hadi kwenye gari. Nikabeba. Nyumbani jogoo alikuwa ameshaiva. Shangazi hakuuliza kitu, alinipa paja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Ujumbe umekuja. Kazi amepewa Sharon. Bi Everlyne ameuliza pia habari za mbwa wa wakulima.

Jioni Sharon akaja kwa shangazi, nikajiandaa kuchekwa. Alicheka, kweli, hadi akashika ukuta. Kisha akatulia. Alisema kazi ni nyingi kumshinda, amemwomba Bi Everlyne nimsaidie nusu, na amekubaliwa mradi mahali pawe kimya. Amekodi chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo. Meza mbili, mtandao wake mwenyewe. Akanipa ufunguo.

"Lakini usilete mtu, Waitara. Aki nakuomba. Mtu hata mmoja."

Niliapa. Machozi yalikuwa karibu. Mtu niliyemchomolea waya! Nimebadilika kabisa.

Jumapili, 15 Juni

Sharon yuko Sirari kwa mama yake, anarudi kesho mchana. Mimi nimeshinda chumbani. Kimya kizuri, kazi imekwenda, sijakosea neno.

Ila kona moja iko wazi. Inasikitisha kuiona hivyo. Nimempa Okello kinyozi, ambaye kwa kweli si mtu, ni huduma. Ana mashine ya kunyolea na spika ndogo tu, kubwa ataleta baadaye. Dirishani nimempa Aloo akaangie samaki, maana wanaofanya kazi lazima wale. Katikati pamebaki nafasi, na kwaya ya Oduol haina pa kufanyia mazoezi.

Nimeshapaka kibao cha mlangoni: OFISI YA PAMOJA, MAHALI TULIVU.

Kwaya inaanza kesho asubuhi, ili Sharon akifika akute pamechangamka. Sijui atanishukuruje!