Vita vya Ambokile na Lundo Lililokataa Kuoza

Sogeeni, enyi wana wa Mkuza, nanyi wa Tangini msiopitwa na jambo, tegeni masikio niwasimulie vita vya Ambokile, karani mstaafu, simba wa reki, aliyelisimamisha lundo la mboji nyuma ya nyumba yake, nalo likamgomea!

Wiki nenda wiki rudi lundo lilikaa kimya, baridi kama ugali wa jana, majani yake yaleyale. Ndipo Juliana mkewe, mwenye ulimi usioshindwa, akasimama uani akanena: "Baba Atupele, kuoza tu kumekushinda? Nyanya zangu jikoni zinaoza bila kusimamiwa! Jumamosi ikifika halijapata joto la kuoza, nalitia kiberiti, na hapo nafugia kuku."

Ambokile aliumia mno. Tangu astaafu, bustani ile ndiyo ilikuwa ufalme wake wote.

"Mke wangu," akajibu, mkono kifuani, "kila alfajiri nafagia majani ya mwarobaini, nayatia humu, nalitibu lundo hili! Mti uponyao maradhi arobaini ya mwanadamu, udongo ni nani hata usipone?"

Lahaula! Hapo shujaa akajisikia mwenyewe. Majani yaleyale aliyotia kwenye gunia la mahindi yafukuze dumuzi, yakiingia lundoni yatamfukuza nani? Si vijidudu wasioonekana, jeshi litafunalo takataka zikawa mboji! Jemadari alikuwa akiwanywesha askari wake sumu, huku akiwaombea afya.

"Nimewamaliza watu wangu!" akalia.

"Na matanga hujaweka," akasema Juliana.

Shujaa akalivamia lundo. Jani kwa jani, kijiti kwa kijiti, akautoa mwarobaini wote, jasho likimchuruzika, kandambili moja ikipotelea vitani. Akaleta samadi mbichi ya ng'ombe wa jirani, imejaa askari wapya, akaleta maganda ya ndizi, akanyunyiza maji, akawabembeleza wageni wale washibe.

Jumamosi asubuhi Juliana akaja, kiberiti mkononi. Akauzamisha mkono lundoni, mara akauchomoa kwa ukelele: "Mama yangu! Linaunguza!"

Mvuke ukapanda. Ambokile akaruka, akapiga vigelegele mwenyewe, mzee mzima bila haya.

"Haya, nimekubali," akasema Juliana, akikipuliza kiganja na kucheka. "Utanipandia matembele."

Basi na ijulikane toka Soga hata Kisarawe, vizazi kwa vizazi, ya kwamba siku ile, mbele ya shahidi aliyekuja kuchoma, takataka za Ambokile ziliheshimika: zilianza kuoza.