Kimo cha Mwenyekiti

Wananchi wa Majengo na vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumamosi kuelea hewani si jambo la mtu binafsi tena. Ni sekta.

Tangazo hilo niliandika mimi, Mzee Kajetani, Katibu wa Kamati ya Kuboresha Kinywaji cha Jadi na Kusimamia Kimo cha Wananchi. Neno "sekta" nililipata kwenye masomo ya jioni, ambako nilikuwa mwanafunzi aliyemzidi mwalimu umri, na nilikuwa nimelitunza miaka mingi nikilitafutia mahali.

Msomaji wa mbali huenda hajui kiinuo. Ni pombe yetu ya Songea, ya kimea cha ulezi na mizizi ya mti mmoja unaoota kwenye milima ya Matogoro. Ukinywa kata moja unapanda shubiri moja kutoka ardhini, nawe unabaki hapo mpaka pombe iishe mwilini. Ukiongeza, unaongezeka. Ndiyo maana katika kilabu cha kiinuo kila mteja hufungwa kamba kiunoni, na jioni mwenye kilabu huwavuta chini mmoja mmoja na kuwakabidhi kwa wake zao. Mwenye kilabu asiyeshusha watu wake hana kilabu.

Kilabu kikubwa hapa Majengo kilikuwa cha Mama Notburga, mjane mwenye mikono ya kuvuta kamba. Jengo lilikuwa la umma. Pombe, vyungu na wateja vilikuwa vyake. Sasa katika zama hizi za soko huria, Kamati iliona ni aibu jengo la umma kukosa mwekezaji. Tukatangaza zabuni. Kwa kuzingatia uwazi, tangazo lilibandikwa kwenye kabati la ofisi, upande wa ndani wa mlango, na kwa bahati nzuri Mwenyekiti wetu, Bwana Fidelisi, alilifungua kabati siku hiyohiyo akitafuta sukari. Aliomba peke yake. Hata hivyo ushindani ulikuwa mkali, maana tulimkatalia mara ya kwanza ili azoee.

Nilikwenda mwenyewe kumpa Mama Notburga taarifa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, umebinafsishwa."

"Nimefanywaje?"

"Kilabu kinakwenda kwa mwekezaji, pamoja na vyungu. Ni kwa faida yako."

"Mwekezaji gani?"

"Bwana Fidelisi."

"Amewekeza nini?"

"Nia njema."

Aliweka mwiko chini. "Mzee Kajetani, Renatha wangu yuko kidato cha pili kwa Masista. Vyungu hivi ndivyo vinavyomsomesha. Nikitolewa hapa Jumamosi, Jumatatu mtoto yuko nyumbani anachunga mbuzi wa watu. Hilo nalo limo kwenye nia njema?"

Nilimfafanulia kwamba kila ubinafsishaji una kipindi cha mpito. Alirudi kukoroga chungu, na alikikoroga kwa nguvu iliyozidi mahitaji ya kitaalamu.

Jumamosi ikafika. Mwenyekiti alivaa suti ya mitumba yenye vifungo vya dhahabu, akakata utepe, akahutubia.

"Kiinuo cha zamani kilimwinua mtu ovyo ovyo," alisema. "Kuanzia leo mtapanda kwa mpango!"

Kamati ilipiga makofi. Mwenyekiti akaamuru watu wahudumiwe. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mwenyekiti," alisema Tadei, fundi baiskeli, kutoka benchi la mbele, "sumu haijatolewa."

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtu hanywi pombe ambayo mwenye chungu hajaionja mbele ya watu. Ndiko kutoa sumu. Mama Notburga alikuwa akipiga funda moja, watu wanaitikia "Imetoka!", kazi inaanza. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba funda ni moja. Huonja mpaka wanywaji waridhike.

Mwenyekiti alionja kidogo, akajifuta mdomo. "Haya, imetoka."

"Haijatoka," alisema Tadei.

"Nimesema imetoka!"

"Wa kusema ni sisi. Wewe ndiye tunayekuogopa."

Mwenyekiti alimaliza kata. Visigino vikaacha sakafu.

"Bado," walisema wa nyuma.

Akanywa nyingine.

"Mimi bado naiona," alisema mama mmoja. "Imejificha kwenye tai."

Watu walicheka. Mwenyekiti, mtu asiyependa kuchekwa, akanywa tena kwa hasira. Nilimshauri afungwe kamba. Akanijibu kwamba mwekezaji hafungwi pamoja na wateja. Nikaona hoja ina mantiki. Tukamsogeza nje ili asigonge paa, akipewa kata baada ya kata, na Tadei alipokubali hatimaye kwamba huenda imetoka, viatu vya Mwenyekiti vilikuwa usawa wa bati.

"Sasa nishusheni!"

Watu wote walimgeukia Mama Notburga, aliyekuwa ameketi benchini kama mteja, kwa mara ya kwanza maishani.

"Notburga! Kamba!"

"Kamba ziko ukutani, Mwenyekiti, ni zako. Kushusha watu ni kazi ya mwenye kilabu. Mwenye kilabu ni wewe. Jishushe."

"Nakuagiza!"

"Mimi si mfanyakazi wako. Mzee Kajetani hakunitajia kazi, alinitajia mpito. Niko kwenye mpito."

Upepo ulishuka kutoka Matogoro. Mwenyekiti alipita juu ya duka la chumvi, akadaka ncha ya mkaratusi wa barabarani, akaning'inia miguu juu kama popo aliyekosea.

"Kajetani! Fanya kitu!"

Nilipaza sauti kumuuliza kama anataka kikao cha dharura au cha kawaida. Jibu lake haliwezi kuingizwa kwenye muhtasari.

Tawi likalia. Ndipo tukasikia, "Notburga! Kilabu ni chako!"

"Sisikii vizuri. Na wa kule sokoni wasikie."

"Kilabu ni chako! Na vyungu! Na jengo!"

"Mpaka lini?"

"Mpaka ufe!"

"Nikifa?"

Tawi likakatika. "Cha Renatha!"

Kamba ilirushwa kabla jina halijaisha. Ilimnasa kifundoni, na Mama Notburga akamvuta chini taratibu, mkono baada ya mkono, kama anayetoa ndoo kisimani.

Kazi ya katibu ni kulinda heshima ya ofisi. Kwa hiyo nilitoa taarifa ngazi za juu kwamba Mwenyekiti wetu amefanya ukaguzi wa kilabu kutoka angani, na kwamba akiwa huko alibaini mwekezaji anayefaa ni Mama Notburga. Hakuna neno la uongo hapo.

Ngazi za juu zilifurahi kupita kiasi. Ziliagiza kwamba viongozi wote wa kamati zote, bila kujali umri, wafanye ukaguzi wa angani kila mwezi. Kwamba kilabu cha Mama Notburga kiwe kituo rasmi. Na kwamba aliyebuni taarifa ile aonyeshe mfano.

Naandika haya nikielea juu ya benchi lake, kamba kiunoni, kata ya nne mkononi. Nyuma yangu foleni ya viongozi wenye tai imefika barabarani, na Bwana Fidelisi ameketi kwenye jiwe akijipepea.

"Mama," nimemwambia Notburga, benchi likizidi kuniaga, "utanishusha saa ngapi?"

Hakuniangalia. Alikuwa anamfunga kiongozi mwingine.

"Mzee, huoni watu walivyo wengi? Kaa huko juu, subiri. Utaitwa."