Gari la Mjomba na Matairi ya Kahawia

Jumanne, 3 Juni

Ushindi! Mpwa wangu anaolewa Jumamosi na ametamka mbele ya ukoo mzima kwamba atapanda gari la mjomba wake. Yaani mimi. Baba yake mdogo, aliyenunua gari mwaka huu na hajanyamaza tangu hapo, alitabasamu kama mtu aliyeng'ata ndimu. Kisha akasema eti gari langu si baya, ila matairi yana rangi ya chai ya maziwa. Watu wakacheka. Mpwa wangu akaniomba niyashughulikie, maana picha zitapigwa. Nimetoka kuyaangalia. Ni ya kahawia kweli. Wivu una macho makali.

Jumatano, 4 Juni

Mke wangu anafundisha kemia na hataki kuiacha shuleni. Amenieleza, bila kuombwa, kwamba mpira wa tairi huchanganywa na dawa ya kuuzuia usipasuke. Dawa hiyo hujitokeza nje polepole, na ikikutana na hewa hugeuka kahawia. Ongeza vumbi na unga unaosagika kwenye breki. Basi nichukue brashi ngumu, maji na sabuni, nisugue mpaka povu liwe jeupe, nisuuze, nikaushe, kisha nipake kidogo tu dawa ya kung'arishia matairi, ile isiyo na mafuta. Nikamuuliza kwa upole kama mjomba wa bi harusi ni mtu wa kuchuchumaa barabarani na brashi. Akasema nisithubutu kupaka mafuta, yatanasa vumbi. Mimi sikuwa nimetaja mafuta. Lakini wazo si baya hata kidogo!

Alhamisi, 5 Juni

Nimepita kwa Baba Mdogo. Nikamkuta amechuchumaa, suruali imelowa, povu la kahawia linamtiririkia hadi kwenye ndala. Kumbe na yake! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akajibu kwamba alimpigia simu mke wangu kuomba ushauri. Msaliti ninalala naye kitanda kimoja! Nikarudi nyumbani. Nilinuna tu, kwa heshima.

Ijumaa, 6 Juni

Kikaango kilikuwa jikoni, na ndani yake mafuta ya jana yaliyokaangiwa samaki. Hayana kazi, hayana mwenyewe. Nikachukua fulana kuukuu nikapaka matairi yote manne. Weusi ule! Yanameta! Nilisimama kando ya gari mchana kutwa ili wapita njia wasiyakose. Fundi cherehani wa jirani aliomba nimpe siri, nikamnyima. Hata paka wake alikuja, akakaa, akatazama. Mnyama mwenye jicho la uzuri.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi paka walikuwa wengi. Walikuwa wanalamba. Nikawafukuza, nikaondoka kichwa juu. Barabara ya kwa dada yangu haina lami. Nilipofika, vumbi lote la njiani lilikuwa limenigandia kwenye matairi, kahawia kuliko ile ya Jumanne, na pale paka walipolamba pana mabaka. Kabla sijatafuta kitambaa, paka wa mtaa ule nao wakajitokeza.

Mpwa wangu akatoka, amependeza hadi nikasahau kila kitu. Akainua gauni, akanusa, akauliza nani anakaanga samaki. Baba Mdogo akafungua mlango wa gari lake, matairi meusi kama yametoka dukani leo. Bi harusi akanishika mkono, akasema nimsamehe, gauni ni la kuazima. Niliumia. Nilimbeba mtoto yule mgongoni kabla hajajua kutembea.

Mimi nikapewa kubeba masufuria ya karamu. Hata hivyo, nani aliyesindikizwa hadi ukumbini na paka wakikimbia nyuma? Si Baba Mdogo!

Jumapili, 8 Juni

Mke wangu ameweka ndoo, brashi na sabuni mbele ya gari. Nimevisogeza pembeni visije vikakanyagwa.

Dada yangu amepiga simu. Binti yake wa pili naye amechumbiwa, na ameuliza kama mjomba yupo. Yupo! Nimekaa, nimetafakari kwa utulivu, bila kujionea huruma, nimeliona kosa langu waziwazi. Lilikuwa samaki. Nimemwomba mke wangu leo akaange viazi.