Samaki kwa Jemu ya Nanasi

Jumatatu, 3 Machi
Leo historia imeandikwa! Nimemwagia samaki wa kukaanga jemu ya nanasi. Vijiko vitatu, pilipili juu. Utamu na chumvi sahani moja! Mteja wa meza ya nne kaonja, kakunja uso, kairudisha. Na sheria ya jikoni kwetu haina huruma: sahani ikirudi, aliyepika anaila mwenyewe, amesimama kwenye dirisha la kupitishia chakula, wote wakimwona. Nimeila. Ilikuwa nzuri. Karibu yote ilikuwa nzuri.

Shemeji, mume wa dada yangu na mwenye mgahawa, kanipa onyo. Zikirudi tatu wiki hii, natoka jikoni nahamia kwenye sinki la vyombo. Mimi! Miaka kumi na moja mbele ya jiko lile! Mpishi mwenzangu, tunayemwita Bi Chumvi, kasikia yote na hakuficha meno.

Jumanne, 4 Machi
Kuku juu ya keki. Keki ya jana, lakini laini bado. Mteja kasema kuku ni wa chakula, keki ni ya chai, na yeye hajaomba mtu awafungishe ndoa. Sahani ya pili hiyo. Nikiwa nimesimama dirishani naila, Bi Chumvi kaniletea kijiko cha mtoto. Asiyejua maana haambiwi maana.

Jumatano, 5 Machi
Dada kapiga simu alfajiri. Kanisihi nipike kama watu. Kasema mumewe akirudi nyumbani, habari za keki zinaanza kabla hajavua viatu. Nikamwambia nimesikia. Kusikia, nimesikia.

Mchana nimetoa samaki wa jemu, sahani nane. Hakuna iliyorudi. Hata moja! Wateja wamesifu samaki mpaka Bi Chumvi kaangusha mwiko.

Alhamisi, 6 Machi
Sahani kumi na mbili, zote zimerudi tupu, mifupa tu. Nimemwambia Shemeji aandike jina langu kwenye ubao wa vyakula. Kakuna kidevu, kasema kesho atakula mwenyewe, pamoja na mama yake. Usingizi hautapatikana leo.

Ijumaa, 7 Machi
Sahani ya wakubwa haibebwi na mhudumu. Nimeipeleka kwa mikono yangu, jemu inang'aa. Mama yake Shemeji katia tonge mdomoni, kisha kauliza kwa upole kama jikoni kuna mgonjwa.

Sahani ya tatu.

Hapo ndipo mhudumu alipofungua kinywa. Kumbe tangu juzi, kwa ombi la dada yangu, amekuwa akiikwangua jemu yote kabla ya kufika mezani! Kanionyesha kopo chini ya kaunta. Limejaa. Wale watu ishirini walisifu samaki mtupu! Iliniuma, tena sana. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia vitunguu. Kisha nikala sahani ya tatu, nimesimama, na nikalamba vidole makusudi, wanione vizuri.

Jumamosi, 8 Machi
Sinki. Mapovu mpaka kwenye viwiko. Bi Chumvi kasimama mahali pangu, kavaa aproni yangu, anaimba. Dada kapitia jikoni kuniona. Kasema anatumaini sasa nimepata somo.

Nimepata. Sinki liko kando ya dirisha lile lile. Kila sahani ya Bi Chumvi inapita kwenye kiwiko changu, na mhudumu anaichukua mbio mbio bila kuitazama, kwa kuwa hakuna tena cha kukwangua. Nimemwomba lile kopo. Nimesema nataka kuliosha.

Saa saba kasorobo imetoka nyama yake ya kwanza, ya meza ya nne. Vijiko vitatu, pilipili juu. Sheria ni sheria: aliyepika ndiye anayekula. Mimi siku hizi naosha vyombo tu.