Kisanduku Kinacholia Kikibebwa

Jumatatu, 3 Juni

Leo Mkuu wa kikosi chetu cha uokoaji katangaza. Jumamosi kuna zoezi la kutafuta ndege iliyoanguka. Ndege yenyewe haipo, bila shaka. Kilichopo ni kisanduku cha njano, ukubwa wa nusu tofali, kinachotoa mlio wa redio kama ule wa ndege iliyopata ajali, ila kwa masafa ya mazoezi, tusije tukaamsha nchi nzima. Sisi tunazunguka na vipokezi mpaka tukipate. Kisanduku kiko chini yangu, mtunza stoo. Vipokezi viko chini ya shemeji, kaka wa mke wangu, fundi redio na mtu wa kujisikia.

Mkuu akasema kikosi kinahitaji kiongozi wa msako. Kati yetu wawili, ambaye kifaa chake hakitaleta kasoro Jumamosi ndiye atakayevaa lile koti la rangi ya chungwa. Nimelitazama pale kwenye msumari wake. Lina mifuko mpaka mgongoni! Mchana kutwa nimejiona nimelivaa, nimesimama kwenye nyasi ndefu, nanyoosha mkono, na watu wote wanakwenda nilikonyoosha. Chai ikapoa mkononi.

Jumanne, 4 Juni

Kisanduku hakilii. Nimekiwasha, taa nyekundu inawaka, kipokezi pale mezani hakisemi kitu. Nimebadilisha betri. Kimya. Nimesafisha swichi kwa pamba na spiriti. Kimya. Nimekikaripia. Kimya. Nikakiinua nikitupe kabatini, kipokezi kikaanza: wiiu, wiiu! Nikakiweka chini kwa furaha. Kimya.

Nimerudia mpaka mkono ukauma. Ukikibeba kinalia, ukikilaza kinanyamaza. Wanangu wote walikuwa kinyume chake. Antena inacheza kidogo pale inapoingilia. Labda ndiyo hiyo. Labda. Mtu mwingine angemwita fundi redio. Na fundi redio ni nani? Shemeji. Akikigusa tu, koti limekwenda. Sithubutu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejaribu kukidanganya. Nimekiwekea glavu iliyojaa mchanga wa uvuguvugu. Hakikudanganyika. Nimekibana kwa mpira wa baiskeli. Hapana. Nimekilaza juu ya paka wa stoo, kikalia vizuri kabisa mpaka paka alipoondoka.

Shemeji kapita, kauliza mtambo wangu unaendeleaje. Nikamwambia uko fiti. Akasema anauliza tu. Huyu bwana hana kuuliza tu. Siku nilipokwenda kumchumbia dada yake pia alikuwa anauliza tu, na nilitoka pale nimelowa jasho.

Jibu limenijia nikiwa nimelala chali juu ya magunia, natazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha. Kisanduku kinataka mtu. Basi mtu nitakuwa mimi. Mkuu nitamwambia tumbo linaniuma, kwamba nitakwenda kukificha tu kisha nijirudie nyumbani. Nyumbani nitaaga kwamba nakwenda kwenye zoezi. Kumbe nimejilaza majanini nimekikumbatia! Nikisikia nyayo zinakaribia nakiacha hapo, natambaa, naondoka zangu. Watakikuta kwa macho, watashangilia. Akili hizi sijui nimerithi kwa nani.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kitandani. Mke wangu hasemi nami.

Mpango ulianza vizuri mno. Nilipata kibonde ng'ambo ya uwanja wa ndege, nyasi za kufika kifuani, ardhi laini. Nikakikumbatia. Jua lilikuwa la upole. Juu mawingu yalipita bila haraka, na moja lilikuwa na mifuko mpaka mgongoni. Nikawaza, nifumbe jicho moja tu.

Nilipozinduka kisanduku kilikuwa kimeviringika kando, kimya, na kulikuwa na sauti za watu. Haya mengine niliyajua baadaye: mlio ulipokatika, shemeji alimpigia dada yake simu kuuliza kama nimefika nyumbani na tumbo langu. Dada yake akasema, tumbo gani, si yuko nanyi? Basi. Zoezi likaishia hapo, wakaanza kunitafuta kweli.

Nyasi zinayumba. Mkuu anaita. Mpishi wa kantini anaita, yule anayejifanya hajui hata jina langu. Shemeji naye anaita, shemeji, shemeji wangu. Wangu! Hajawahi kusema wangu. Hapo ningeitika. Mtu yeyote mwenye akili angeitika. Mimi nikalala tuli nikisikiliza, maana maishani mwangu sijawahi kutafutwa. Huwa naulizwa tu funguo ziko wapi. Ilikuwa tamu, nami nilitaka iendelee kidogo.

Kisha nikamsikia mke wangu. Aliita mara moja tu, sauti ikamkatikia katikati. Roho iliniuma. Kusimama nikashindwa kwa aibu, nikakivuta kisanduku kifuani. Wiiu, wiiu. Wakaja moja kwa moja.

Nikasema nilizimia. Shemeji akachukua kisanduku, akakilaza: kimya. Akakibeba: kikalia. Akakilaza tena. Akanitazama. Halafu akakaza nati ya antena kwa vidole viwili, akakilaza, na kikaendelea kulia chenyewe pale majanini. Mke wangu alinishika uso kwa mikono yote miwili, akahakikisha kuwa mimi ni mzima, kisha akanisukuma nikakaa chini tena.

Jumapili, 9 Juni

Koti amepewa shemeji. Linambana mabegani, afadhali. Mkuu kaniachia funguo za stoo kwa sababu hakuna mwingine anayezitaka.

Nimemwomba mke wangu radhi. Akasema nikipotea tena nipotee moja kwa moja. Lakini alipokuwa akiosha vyombo alichungulia mlangoni kila mara, kuona kama bado nipo. Nilijifanya sioni. Nimekaa sebuleni siku nzima ili achungulie.

Jumatano, 12 Juni

Zoezi jingine ni wiki ijayo. Nimeapa mbele ya Mkuu, mbele ya shemeji na mbele ya mke wangu kwamba sitachezea kitu tena. Nimeapa kwa moyo mweupe kabisa.

Leo nimewasha kisanduku kukijaribu. Kimelia mezani chenyewe, safi, hakihitaji mtu. Nimekaa nacho muda mrefu, mwanga wa dirisha ukihama taratibu ukutani. Uwanja wote ulikuwa umetulia. Mchana kutwa hakuna aliyekuja stoo isipokuwa mpishi wa kantini. Kauliza funguo ziko wapi, akaondoka.

Nimelegeza nati. Kidogo tu, haionekani hata ukiitazama. Na mto mdogo wa sebuleni nimeshautia kwenye mkoba.