Sanduku Moja Linatosha

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeapa mbele ya mashahidi. Safari hii ni sanduku moja tu!

Jumamosi tunakwenda kwenye ile bustani kubwa ya michezo, yenye treni zinazopinduka angani na maji ya kuteleza. Tutalala kwenye hoteli ya hapo hapo hadi Jumapili jioni. Mimi, mke wangu, binti yetu ambaye hata miaka miwili hajatimiza, pamoja na shemeji na mkewe. Gari ni la shemeji. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Fundi majokofu, maneno mengi, mizigo michache. Leo kapita kupanga safari, akakumbushia tulivyokwenda kulala kwa mama mkwe usiku mmoja. Eti majirani walidhani nimefukuzwa na mwenye nyumba. Eti nilibeba mpaka beseni. Kweli nilibeba beseni! Mtoto alikuwa haogi kwenye beseni la watu. Lakini ndiyo jambo la kutangaza?

Damu ilinichemka. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha ndoo. Nimepanga ndoo mpaka zikagusa dari. Nani wa kunifundisha nafasi? Nikasimama nikatangaza kwamba familia yangu nzima itaingia kwenye sanduku moja. Shemeji akasema nikiweza ataniita Profesa mbele ya ukoo. Nisipoweza, ataendelea kuniita anavyoniita. Sikuuliza ananiitaje.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi, hakuinua kichwa. Akasema tangu mtoto azaliwe hajapata likizo, na anachotaka ni kukaa kwenye kiti, kivulini, asiitwe na mtu. "Baba Meneja, usinigeuzie likizo kuwa mashindano."

Nimemtoa wasiwasi. Meneja ndiye binti yetu. Tunamwita hivyo kwa sababu anaamrisha, hafanyi kazi, na akikasirika hakuna anayekaa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimenunua mifuko ya plastiki, ile ya kutoa hewa. Unatia nguo, unafunga, unachomeka mashine ya kufyonza vumbi, hewa inatoka, nguo zinabaki bapa kama bahasha. Akili kubwa! Rundo zima la nguo likawa unene wa daftari. Nikamwita mke wangu aje aone. Yeye ni mwalimu wa udereva. Kutwa anakaa kando ya watu wanaotafuta gia ya pili, kwa hiyo akifika nyumbani hashangai upesi. Alisema, "Vizuri." Akaenda kuvua viatu.

Meneja kwanza aliiogopa mashine, akalia. Kisha akaipenda. Kisha akataka imnyonye tumbo. Kisha akaigandisha shavuni kwangu. Nina alama ya duara. Kesho kazini nitasema ni mdudu. Mdudu wa saizi gani, watajua wenyewe.

Nikageuka kidogo tu kutafuta soksi. Nikasikia psss.

Meno machache aliyonayo ni makali kama ya panya. Kang'ata mfuko! Nguo zikaanza kuumuka. Psss ya pili. Psss ya tatu, na makofi juu yake. Nikalikalia sanduku nikaita msaada. Sanduku likaninyanyua. Sitanii. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama, na nikaona mguu wake wa kulia ukibonyeza sakafu kidogo, kama anatafuta breki.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundua adui si nafasi. Adui ni Meneja. Natia shati, anatoa shati. Natia taulo, anatoa taulo, anatia kiazi. Leo sandukuni nimekuta kiazi, rimoti ya televisheni, kiatu kimoja cha jirani (sijui kimefikaje) na nusu biskuti iliyotafunwa.

Mpango mpya: begi la uongo. Nikampa Meneja begi lake dogo la mgongoni, nikamwambia hilo ndilo la safari, yeye ndiye msimamizi, apange. Akafurahi. Akaanza kazi. Mtoto mtulivu, mchapakazi, mpaka nikajivunia damu yangu. Nikageukia la kwangu. Tupu! Kumbe alikuwa anapanga kweli, ila kila kitu akikitoa kwangu. Na kapanga vizuri. Soksi ndani ya viatu! Mimi sikufikiria soksi ndani ya viatu.

Nikadai mali yangu. Akasema, "Yangu." Nikasema yangu. Akasema yangu. Tulikuwa hapo hapo shemeji alipoingia. Alisimama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Shemeji, naona mzigo uko chini ya uongozi mpya."

Wakati wa kuondoka walinong'ona mlangoni, yeye na dada yake, kisha akatoka na mfuko mkubwa mweusi. Nikauliza ni nini. Mke wangu akasema ni vitu visivyohitajika hapa. Nimefurahi. Angalau takataka anaweza kubeba.

Alhamisi, 7 Agosti

Ushindi wa asubuhi! Nimefunga kila kitu Meneja akiwa kalala, nikapiga kufuli la namba, nikapandisha sanduku juu ya kabati. Nenda ukang'ate kabati sasa.

Kipigo cha jioni. Meneja halali bila kandambili yangu ya kushoto. Si mdoli, si blanketi. Kandambili! Anaikumbatia, anaweka sikio juu yake, analala. Na mimi, kwa bidii yangu, nimeifungia sandukuni.

Akaanza: "Bili! Bili! Bili!" Mpangaji wa chini kafungua dirisha akauliza bili gani inadaiwa saa hizi.

Nikashusha sanduku. Kufuli halifunguki. Nikajaribu tarehe ya kuzaliwa ya Meneja. Wapi. Nikajaribu tarehe yangu. Wapi. Nikajaribu tarehe ya harusi yetu. Mke wangu, aliyekuwa anambembeleza mtoto, akasema kwa upole sana kwamba hiyo si tarehe ya harusi yetu. Nikasema najua, nilikuwa nachanganya makusudi kwa ajili ya usalama. Akauliza namba nimeiandika wapi. Nikamweleza kuwa mtunza stoo halisi huweka mambo kichwani.

Nikachukua bisibisi. Bisibisi ikavunjika.

Ikabidi aitwe shemeji na vifaa vyake. Alikuja na mkoba mzima, akachuchumaa, akatazama kufuli. Hakugusa kifaa hata kimoja. Akazungusha namba kwa kidole: sifuri, sifuri, sifuri. Kli! Kumbe kufuli likitoka dukani ni sifuri tupu, na mimi sikuwahi kulibadilisha. Nani anajaribu sifuri?

Meneja kapewa kandambili, kanyamaza papo hapo. Shemeji naye kanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Ijumaa, 8 Agosti

Sanduku halifungi. Nimekalia, nimepiga magoti, nimeruka. Kigari cha mtoto hakina hata pa kuanzia. Nikapunguza nguo zangu zote na bado nepi zimebaki nje, kifurushi kizima, zimenikodolea macho.

Ndipo likanijia. Nani kasema mzigo lazima ubebwe kwa mkono? Mzigo unavaliwa!

Nitavaa suruali zangu tatu, mashati manne, sweta, na lile koti langu kubwa la mtumba, la wafanyakazi wa chumba cha baridi. Kitambaa cha ndani cha koti nimekifumua upande mmoja, nikapanga nepi humo, safu kwa safu, nikashona. Vijiko vya mtoto mifuko ya mbele. Chupa kwapani. Nimefanya zoezi sebuleni. Nilitembea hatua chache, nikakaa. Kuinuka ndiyo ilikuwa kazi.

Nilimshauri mke wangu naye avae magauni mawili matatu. Alinitazama kama anavyowatazama wanafunzi wakiangusha koni zote. Kisha akaketi karibu yangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimechoka, Baba Meneja. Nimechoka kweli." Akasema nikipenda kuvaa kabati, nivae, lakini kesho asisikie jina lake hata mara moja.

Nikamwahidi. Nilitaka kumkumbatia. Mikono haikukutana.

Jumamosi, 9 Agosti

Sanduku moja! Lilitoka mlangoni moja, likaingia garini moja! Nilimwonyesha shemeji kwa kidole, maana kuinama nisingeweza. Alilitazama sanduku. Akanitazama mimi. Jua lilikuwa limewaka tangu alfajiri.

"Shemeji, unaumwa?"

Nikamwambia aanze kuniita Profesa. Yeye na mkewe walikuwa na kibegi kimoja. Kimoja, kidogo, na kilikuwa hakijajaa! Nikaamua kutokiona.

Garini jasho lilinitiririka mpaka kwenye kiti. Kufika bustanini, mlinzi wa getini akanipapasa kifuani, akarudia, akamwita mwenzake. Wakauliza nimebeba nini. Nikasema nepi. Wakauliza kwa nini sikuziweka kwenye begi kama watu wengine. Hapo shemeji kageuka akajifanya anasoma bango. Nikapitishwa kwa huruma.

Kufikia hapo nilikuwa nimetimiza ahadi. Mke wangu alipata kiti, kivuli, na glasi ya sharubati. Nikamchukua Meneja nizunguke naye. Treni za angani hakuzitaka. Farasi wa kuzunguka hakuwataka. Alinyoosha kidole: "Boti!" Vile viboti vya watoto, vinavyozunguka bwawa taratibu, maji ya magotini. Salama kabisa. Mhudumu wa boti, dada mmoja mwenye filimbi, akaniambia nivue koti, maana huko mbele kuna maji. Nikamwambia, dada, hili koti halivuliki. Akapuliza filimbi, tukaondoka.

Huko mbele kuna ndoo. Mimi, mtu wa ndoo, sikutazama juu! Ndoo kubwa kuliko ofisi yangu, inajaa polepole, inainama, inamwaga. Meneja, chini ya kimwavuli cha boti, hakupata hata tone. Yote yalinishukia mimi.

Nguo zangu zote za safari zikalowa kwa mpigo mmoja. Hilo ningevumilia. Lakini nepi zilifanya kazi iliyozileta duniani. Zikanywa. Zikaendelea kunywa. Koti likaanza kujaa, mabega yakapanda mpaka masikioni, kifua kikatangulia mbele, mikono ikasimama kando yenyewe. Boti likainama upande wangu. Meneja alinitazama jinsi nilivyokuwa nakua, macho yakamtoka, kisha akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha kutoka miguuni. "Baba kubwa! Baba kubwa!"

Tulipofika mwisho sikuweza kutoka. Dada wa filimbi alivuta mkono, hakuna kitu. Foleni ikasimama. Watu wakatoa simu. Na mimi nikafanya nilichoahidi kutofanya. Nilimwita mke wangu kwa jina lake kamili, mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayezama kwenye maji ya magotini.

Alikuja mbio bila viatu, uso umempauka. Akadhani ni mtoto. Alipomwona Meneja mzima, akanitazama mimi. Nikasubiri ule mguu wa breki. Badala yake alikaa chini pale pale penye maji, akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka akalia, na kila akijaribu kusema anaangalia mabega yangu na kuanza upya. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona hivyo. Nikasahau kuona aibu kwa muda kidogo.

Shemeji alinitoa kwa kunishika kola, akakata mshono wa koti kwa kisu cha kazini. Nepi zikaanguka moja moja kama vifaranga wa bata. Kisha akaenda garini akarudi na ule mfuko mkubwa mweusi. Takataka ile! Ndani mna nguo zangu kavu, taulo, na kifurushi kipya cha nepi. Mke wangu aliutuma tangu Jumatano.

Nikasema sasa ni mizigo miwili. Mke wangu akaanza kucheka upya.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka na mafua. Mke wangu kanikataza kuinuka, kamchukua Meneja, wakapanda boti pamoja. Nimewaona kupitia dirisha la hoteli. Wameipita ndoo mara nyingi na haikuwamwagia. Baadaye Meneja kalala kifuani kwangu, na mke wangu kalala kwenye kiti, kivulini, nje ya dirisha langu, mdomo wazi. Nimekaa bila kukohoa mpaka nikatokwa machozi, asije akaamka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudi kazini. Video imenitangulia.

Nimelitafakari jambo zima kwa utulivu, kitaalamu. Wazo halikuwa na kosa. Kosa ni kitambaa. Koti la chumba cha baridi linapitisha maji, basi. Mtu makini hatupi mpango mzuri kwa sababu ya ndoo moja.

Na bahati haichelewi. Mchana mama mkwe kapiga simu kuuliza hali ya mafua. Kadokeza kwamba Desemba anataka ukoo wote uende ziwani, wiki nzima, tupike wenyewe. Kabla hajamaliza nikamwambia mizigo aniachie mimi, yote, ya kila mtu. Akauliza kama mke wangu anajua. Nikamwambia asimgusie kwanza, tutamfanyia mshangao.

Nimepita dukani jioni hii. Nimenunua makoti ya mvua ya ukoo mzima, mpira mtupu, hayapitishi hata tone, na mifuko ya ndani nitashona mwenyewe. La mama mkwe nimechukua kubwa kuliko yote. Yeye ndiye atakayevaa masufuria.