Miche Mia Mbili ya Mdalasini

Jumapili, 9 Februari 2025. Bigwa.

Nimefungua kikao cha familia baada ya misa. Nikawatambua waliohudhuria kwa itifaki: mke wangu Yuliana, mshauri wangu wa miaka thelathini na mmoja, binti yetu Witness, muuzaji katika duka la dawa mjini, na jirani yetu Mzee Hashimu, karani mstaafu, ambaye hakualikwa bali alikuja kuazima jembe akaketi. Mwisho nikajitambua mimi, mwenyekiti.

Nikaeleza hali. Tangu nistaafu ualimu mkuu mwezi Julai, mshahara umekuwa pensheni, na pensheni ni mshahara uliougua. Kiinua mgongo kimebaki milioni moja na laki mbili, fedha za mabati. Paa linavuja sehemu sita. Masika ni mwezi ujao.

Yuliana akasema hotuba ameisikia, sasa Baba Witness aseme fundi anakuja lini. Nikamjibu kwamba familia iliyoingia hatua mpya ya maisha haili mtaji wake, huuzalisha. Mzee Hashimu akauliza kama mtaji huo unakinga mvua. Wakacheka wote. Hata binti yangu! Nimeahirisha kikao kwa utovu wa nidhamu.

Jumanne, 11 Februari.

Nimeamua peke yangu. Uongozi ni upweke.

Nimenunua miche mia mbili ya mdalasini. Nitaipanda Matombo, katika shamba tulilokabidhiwa na ukoo wa Yuliana tulipooana. Mahindi na maharage ya miaka yote hayo yametulisha, hayakututajirisha. Mdalasini utatutajirisha. Fedha iliyobaki imekwenda kwenye kukodi pikapu, vibarua watatu, na kibao cha rangi mbili: SHAMBA LA MWL. DEOGRATIAS. Kibao ni ghali kuliko nilivyodhani. Herufi kubwa hutozwa zaidi.

Yuliana nimemwambia nakwenda kukagua maharage. Akauliza ukaguzi gani unaohitaji viatu vya kanisani. Swali halikuwa kwenye ajenda.

Alhamisi, 13 Februari. Matombo.

Hadi adhuhuri miche yote ilikuwa ardhini, mistari imenyooka kama wanafunzi wa darasa la saba siku ya ukaguzi. Kibao kimesimikwa. Nikasogea nyuma kukitazama. Fahari!

Saa nane akapanda mlima mjomba wa Yuliana, Mzee Severini, mkuu wa ukoo wao. Nikampa shikamoo. Marahaba yake ilikuwa kavu. Akasoma kibao kwa sauti, polepole, mara mbili. Kisha akasema: mahindi ulipanda, ukoo ukanyamaza. Maharage ulipanda, tukala pamoja nawe. Lakini huu mti, mkwe, utakufa lini?

Nikamjibu kitaalamu: baada ya miaka hamsini hivi.

Akauliza, na wewe?

Nikamwonyesha jinsi mistari ilivyonyooka.

Nakiri hapa, ambapo hasomi mtu: desturi ninaijua. Kwetu Waluguru ardhi hii ni ya ukoo wa mama. Mume hukaribishwa kulima, lakini mti wa kudumu haupandi bila idhini ya mjomba, kwa kuwa apandaye mti anadai ardhi. Ninaijua, nami nimeifundisha! Nilidhani tu kwamba mtu mwenye cheti cha utumishi uliotukuka huhesabiwa tofauti.

Severini akanikumbusha kwa upole wa kuudhi kwamba shemeji yangu Shukuru, mume wa dada yangu, alipopanda michungwa katika ardhi ya ukoo wetu, aliyesimama kama mjomba na kuhutubia dakika arobaini mpaka ikang'olewa ni mimi. Nikasema mazingira yalikuwa tofauti. Akasema naam, Shukuru hakuweka kibao.

Jumamosi, 15 Februari. Matombo.

Kikao cha ukoo, uani kwa Severini. Yuliana aliitwa kutoka Bigwa. Ni hapo, mbele ya shangazi na wajomba, alipojua fedha za mabati zimekwenda wapi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alinitazama kama mtu anayepima urefu wa kitambaa kisichotosha.

Nikaomba dakika ishirini za utetezi. Nikapewa mbili.

Hukumu: miche yote ni mali ya Yuliana na watoto wake. Kibao kishuke. Mimi nitoe mbuzi. Nikauliza mbuzi atanunuliwa kwa fedha ipi. Shangazi mmoja akasema si mwalimu ana mtaji? Kicheko kilichukua muda mrefu kuliko utetezi wangu.

Yuliana akamshukuru mjomba wake, akaomba nusu ya miche ing'olewe leo, kabla haijashika. Kufika jioni alikwisha kuwauzia dada zake wa ukoo, ambao katika ardhi yao hupanda wapendacho. Akauza kwa bei iliyozidi niliyonunulia! Nilipompongeza na kupendekeza tugawane faida, akaniuliza nani na nani.

Jumanne, 18 Februari. Bigwa.

Mabati yamefika tangu asubuhi. Yuliana amenunua kwa fedha za miche, Witness ameongeza. Kadi yangu ya benki sasa inakaa kwenye pindo la kanga ya mke wangu, nami napewa fedha ya gazeti kila Ijumaa, kama mwanafunzi wa bweni. Fundi yuko juu anagonga tangu saa mbili. Upande wa jikoni umekwisha. Upande wa chumba cha kulala u wazi, naliona wingu kubwa juu ya Uluguru nikiwa kitandani.

Mzee Hashimu amepita kukagua. Akataja, kwa bahati tu, bei ya asali sokoni. Nikaketi.

Mzinga si mti! Hauna mizizi. Haudai ardhi ya mtu yeyote. Hata Severini hatapata la kuuliza.

Nimeitisha kikao cha dharura uani. Nyundo ya fundi ilinilazimu kupaza sauti, lakini azimio limesomwa lote, nalinakili hapa kwa kumbukumbu:

Fundi ashuke mara moja. Mabati kumi na moja yaliyobaki yarudishwe dukani leo, na fedha yake inunue mizinga sita. Wajumbe watekeleze kabla mvua haijaanza.